Seli zilizofundishwa kuwinda VVU: zimefika wapi, zinakwamia wapi

Mtu anayemeza ARV zake kila siku bila kuruka anaweza kupimwa wingi wa virusi mwaka baada ya mwaka, na majibu yakarudi yaleyale: havionekani. Hamwambukizi mwenzi wake, anafanya kazi, analea watoto, anazeeka. Mtu huyohuyo akiacha dawa, kwa kawaida virusi hurudi kwenye damu ndani ya wiki 2 hadi 4. Hapo ndipo penye fundo la tiba ya VVU, na kila jaribio la kutumia seli za kinga hupimwa kwa swali moja: dawa zikisimamishwa, virusi vinakaa muda gani kabla ya kurudi?

Habari za "dawa ya UKIMWI imepatikana" huja mara kwa mara kwenye simu zetu, nyingi zikiwa zimekatwa vipande na kutiwa chumvi. Nyuma ya baadhi yake kuna sayansi ya kweli, yenye mafanikio ya kweli na vikwazo vya kweli. Kuielewa kunahitaji kwanza kujua virusi vinajificha wapi.

Virusi vinavyolala

Kirusi kikiingia ndani ya seli ya CD4, chembe nyeupe inayoongoza kinga ya mwili, kimeng'enya chake kimoja hunakili RNA yake, yaani maagizo yake ya urithi, kuwa DNA, na kingine huichomeka DNA hiyo ndani ya DNA ya seli. Tangu hapo maagizo ya kutengeneza virusi yamekuwa sehemu ya seli yenyewe. Seli nyingi zilizoambukizwa hufa katika siku chache. Baadhi hazifi: hutulia na kuwa seli za kumbukumbu, zile ambazo mwili huzitunza kwa miaka ili ziutambue ugonjwa uliowahi kupita. Ndani ya seli hizo kirusi hulala. Hakitengenezi protini wala hakijitangazi kwa njia yoyote.

ARV huzuia virusi kuambukiza seli mpya au kukomaa, lakini hazigusi DNA iliyokwisha kuchomekwa. Ni sawa na kunguni: dawa ya kupuliza humuua anayetembea, ila aliye ndani ya ufa wa kitanda husubiri.

Hifadhi hii ni ndogo mno. Vipimo vinavyootesha virusi maabara huonyesha kwamba, kwa mtu aliye kwenye dawa, takriban seli 1 kati ya milioni 1 za CD4 zilizotulia ndiyo inayobeba kirusi kinachoweza kuzaliana. Lakini hifadhi hiyo huchukua takriban miezi 44 kupungua kwa nusu. Kwa mwendo huo ARV peke yake zingehitaji zaidi ya miaka 70 kuimaliza. Kibaya zaidi, seli iliyobeba kirusi ikigawanyika kwa kazi zake za kawaida, kwa mfano ikikutana na mafua iliyowahi kuyaona, kirusi hunakiliwa pamoja nayo bila kuamka. ARV haziwezi kuzuia kuzaliana kwa aina hiyo, kwa sababu hakuna seli mpya inayoambukizwa.

Kuna jambo jingine linalowavuruga hata wataalamu. Sehemu kubwa ya DNA ya VVU iliyomo mwilini ni mabovu: vipande vilivyokatika au vyenye makosa, visivyoweza kuzaa kirusi chochote. Kipimo cha kawaida cha PCR, kinachotafuta vipande vya jeni za kirusi, huhesabu mabovu na mazima pamoja. Kwa hiyo ukisoma kwamba tiba fulani "imepunguza DNA ya VVU kwa nusu", bado hujaambiwa kama kilichopungua ni kile kinachoweza kurudi. Ndiyo maana kipimo cha mwisho hubaki kuwa kusimamisha dawa chini ya uangalizi mkali.

Kwa nini seli za mwili wenyewe hushindwa

Mwili una seli za kuua, zile za CD8, na huzizalisha kwa wingi maambukizi yanapoanza. Zinashindwa kwa sababu tatu zinazokwenda pamoja. Kwanza, zinachoka: seli inayopigana mwaka baada ya mwaka hupoteza nguvu ya kuua na ya kuzaliana. Pili, virusi vimebadilika kuzikwepa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa watu walioanza dawa wakati maambukizi yamekwisha kukomaa, zaidi ya asilimia 98 ya virusi vilivyojificha vilikuwa na mabadiliko ya kuzikwepa seli za kuua kwenye sehemu ya protini ya Gag ambayo seli hizo huitegemea sana. Seli za CD8 za mtu huyo bado zinatafuta sura ambayo kirusi hakinayo tena. Tatu, kuna mahali ambapo hazifiki kwa wingi: vifundo vya seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, ndani ya tezi za limfu, ambako seli nyingi za CD4 zilizoambukizwa hukaa.

Tiba za seli zinajaribu kutengua mafundo haya kwa njia tatu: kubadilisha mfumo mzima wa damu, kuzikinga seli za CD4 zisiingilike, au kutengeneza seli za kuua zenye macho mapya. Njia ya kwanza ndiyo pekee ambayo imewahi kumponya mtu.

Walichotufundisha waliopandikizwa uboho

VVU huhitaji vipokezi viwili, yaani protini za juu ya seli zinazotumika kama milango, ili kuingia kwenye seli: CD4, na kimoja kati ya CCR5 au CXCR4. Mwaka 1996 iligundulika kwamba baadhi ya watu wana jeni ya CCR5 iliyopungukiwa herufi 32. Aliyerithi upungufu huo kwa baba na kwa mama hana CCR5 kwenye seli zake, na virusi vingi vinakosa pa kuingilia. Watu wa namna hiyo ni takriban asilimia 1 ya wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Afrika hawapatikani ila kwa nadra sana.

Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alipata saratani ya damu akiwa na VVU. Daktari Gero Hütter alimtafutia mchangiaji wa uboho asiye na CCR5, na Brown akapandikizwa mara mbili, 2007 na 2008. Aliacha ARV na virusi havikurudi hadi alipofariki mwaka 2020 kwa saratani yake iliyoibuka upya. Akafuata Adam Castillejo wa London, aliyepandikizwa 2016, kisha mgonjwa wa Düsseldorf, mwanamke wa New York aliyepewa damu ya kitovu, na Paul Edmonds huko California. Duniani kote bado hawajafika hata 20.

Wagonjwa walioshindikana wametufunza zaidi kuliko waliopona. Huko Boston wanaume wawili walipandikizwa uboho kutoka kwa wachangiaji wenye CCR5 ya kawaida. Vipimo vikali kabisa havikukuta kirusi hata kimoja. Wakaacha dawa mwaka 2013: kwa mmoja virusi vilirudi baada ya wiki 12, kwa mwingine baada ya wiki 32. Seli chache mno, zisizoonekana kwa kipimo chochote, zilitosha kuwasha moto upya. Na huko Essen, Ujerumani, mgonjwa alipewa uboho usio na CCR5, lakini virusi vikarudi kwa sababu ndani yake tayari kulikuwa na virusi vinavyotumia CXCR4. Kuziba mlango mmoja hakukuwa na maana kwa virusi vilivyozoea mlango wa pili. Tutarudi kwenye jambo hili, maana linatuhusu sana Afrika Mashariki.

Halafu kuna mgonjwa wa Geneva. Alipandikizwa mwaka 2018 uboho wenye CCR5 ya kawaida, kama wale wa Boston, akaacha ARV mwaka 2021, na virusi havikurudi. Kisa chake, pamoja na cha mgonjwa wa pili wa Berlin ambaye mchangiaji wake alikuwa na nakala moja tu ya jeni pungufu, kinaonyesha kwamba ukosefu wa CCR5 ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba seli za mchangiaji huziona seli za zamani za mgonjwa kuwa ngeni na kuziua, pamoja na zile zilizobeba virusi vilivyolala. Haziulizi kama kirusi kimeamka. Huua seli kwa sababu si ya kwao. Hakuna tiba nyingine ya seli yenye uwezo huo hadi leo.

Pamoja na hayo, upandikizaji hauwezi kuwa tiba ya VVU kwa mtu asiye na saratani. Dawa za kuua uboho wa zamani ni sumu kali, na seli za mchangiaji zinaweza kuishambulia ngozi, utumbo na ini. Kumpeleka huko mtu ambaye vidonge vinamtosha ni kumhatarishia maisha bila sababu.

Kuzikinga seli za CD4

Wazo la pili ni kuchukua seli za mgonjwa mwenyewe, kuiharibu jeni ya CCR5 maabara na kumrudishia. Jaribio lililofungua njia lilifanyika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, matokeo yake yakachapishwa 2014. Watu 12 walipewa kila mmoja seli bilioni 10 mara moja. Kati ya seli hizo, zilizobadilishwa kweli zilikuwa asilimia 11 hadi 28. Mwili wa mtu mzima una mamia ya mabilioni ya seli T, yaani kundi la CD4 na CD8, kwa hiyo zilizokingwa zilikuwa wachache kati ya umati.

Watu 6 walisimamisha dawa kwa wiki 12. Virusi vilirudi. Lakini seli zisizobadilishwa zilipungua kwa wastani wa 7.25 kwa siku katika kila mikrolita ya damu, na zilizobadilishwa kwa 1.81. Kinga ilifanya kazi kwa kila seli iliyokuwa nayo, hazikutosha tu. Mshiriki aliyefanya vizuri kuliko wote alikuwa na nakala moja ya jeni pungufu tangu kuzaliwa, yaani nusu ya kazi ilikuwa imekwisha kufanywa na wazazi wake.

Beijing walijaribu kwenda kwenye mzizi: walihariri CCR5 kwenye seli shina za mchangiaji, zile zinazozaa seli zote za damu, na kumpandikiza mgonjwa mwenye VVU na saratani ya damu. Matokeo yalichapishwa 2019. Maabara walifanikiwa kuhariri asilimia 17.8 ya seli shina, lakini baada ya kupandikizwa zilizohaririwa zilibaki kati ya asilimia 5 na 8 hivi. Saratani ilitulia, VVU haikutoka. Matatizo ya Pennsylvania na Beijing ni yaleyale: asilimia. Mpaka idadi kubwa kabisa ya seli iwe imekingwa, virusi vitapata pa kuishi.

Kuziundia seli macho mapya

Njia ya tatu ndiyo inayotajwa zaidi siku hizi, CAR-T: seli T iliyopewa kipokezi bandia, kiitwacho CAR. Kipokezi bandia huungwa kwa vipande vitatu. Cha nje ni cha kutambua adui, mara nyingi ni kipande cha kingamwili. Cha kati hukishikiza kwenye utando wa seli. Cha ndani hupeleka amri ya kuua, pamoja na amri ya pili inayoiambia seli iishi na kuzaliana. Jeni ya kipokezi hiki ikiingizwa kwenye seli T, seli hiyo haihitaji tena kufundishwa na mwili nani wa kumpiga.

Wengi hudhani teknolojia hii ilitoka kwenye saratani ndipo ikahamia VVU. Kumbe baadhi ya majaribio ya kwanza kabisa ya CAR kwa binadamu yalifanywa kwa watu wenye VVU, miaka ya 1990 mwishoni. Kipande cha nje kilikuwa CD4 yenyewe, kwa hoja kwamba kirusi hakiwezi kubadilika kiasi cha kushindwa kushika CD4, maana ndiyo njia yake ya kuingilia. Watu 43 walipofuatiliwa kwa muda mrefu, seli hizo zilikutwa hai hadi miaka 11 baadaye, bila kusababisha saratani. Kwa upande wa usalama na maisha marefu ya seli, yalikuwa mafanikio makubwa. Kwa upande wa virusi, hakuna aliyepona.

Sababu zilikuja kueleweka. Kipokezi cha kizazi kile kilikosa amri ya pili, ile ya kuishi na kuzaliana, kwa hiyo seli zilikaa bila kupigana kwa nguvu. Na kwa kuvikwa CD4, seli za kuua zenyewe zikawa zinaingilika na VVU. Miundo ya sasa hurekebisha yote mawili: huongeza 4-1BB au CD28, vipande vinavyotoa amri hiyo ya pili, upande wa ndani, na huikinga seli kwa kuondoa CCR5 yake au kuipa kipande cha protini kinachozuia kirusi kuungana na utando. Jaribio la vyuo vikuu vya UCSF na UC Davis huko California linatumia vipokezi viwili kwenye seli moja, vikishika sehemu tofauti za ganda la kirusi, ili kirusi kinachobadilika kukwepa kimoja kikamatwe na kingine. China, kundi lililotumia CAR iliyotokana na kingamwili lilitibu watu 14 na kuchapisha matokeo 2021. Kwa waliosimamisha dawa, virusi vilirudi baada ya wiki 5 hivi kwa wastani. Wiki 5 ni zaidi ya 2 hadi 4, lakini bado ni wiki.

Kwa nini CAR-T inayofuta saratani ya seli B ndani ya mwezi mmoja inakwama hapa? Kwenye saratani hiyo, kila seli mbaya imebeba alama ya CD19 juu yake, na zipo mabilioni. Seli ya CAR-T ikiingia tu inakutana na adui, inazaliana maelfu kwa maelfu, inaua. Kwa mtu mwenye VVU aliye kwenye ARV, adui ni seli 1 kati ya milioni, na kwa kuwa kirusi kimelala, hakuna alama yoyote juu ya seli. Seli za CAR-T zinazunguka bila kuona kitu, na zisizoona kitu hupungua. Dawa zikisimamishwa, virusi huamka kwa kasi katika sehemu nyingi kwa wakati mmoja, nazo zimekwisha kuwa chache.

Kwa maoni yetu hili ndilo tatizo kuu, na mtu akisoma habari yoyote ya CAR-T na VVU alitafute hapo hapo: wamefanyaje seli zione? Baadhi hutumia dawa za kuamsha virusi kabla ya kupeleka seli za kuua. Jaribio la RIVER la Uingereza, watu 60, matokeo 2020, liliunganisha ARV, chanjo na dawa ya kuamsha, na hifadhi ya virusi haikupungua kuliko kwa waliomeza ARV pekee. Waamshaji tulio nao huamsha sehemu ndogo tu. Wengine, kama kundi la kituo cha utafiti cha Fred Hutch huko Seattle, wamejaribu kwa nyani kuziongezea seli za CAR-T protini ya kirusi kutoka nje, ili zizaliane kwanza na kubaki nyingi. Watafiti wa Minnesota, Marekani, waliziwekea seli za kuua kipokezi cha CXCR5, kinachoziongoza hadi ndani ya vifundo vya tezi za limfu. Kwa nyani zilifika kweli, ila baada ya mwezi mmoja hivi hazikuonekana tena.

Ndani ya maabara, na pale ARV zinapogeuka kikwazo

Kutengeneza seli hizi huchukua kati ya wiki moja na mbili, na kuna hatua moja ambayo kwa mgonjwa wa VVU ni ngumu kuliko kwa mgonjwa wa saratani.

Mgonjwa hulazwa kwenye mashine inayochuja damu kwa saa kadhaa, ikichukua chembe nyeupe na kumrudishia zilizobaki. Seli T hutengwa kwa shanga ndogo za sumaku, kisha huamshwa kwa kingamwili zinazoshika CD3 na CD28, protini za juu ya seli T zinazoiwasha, na kulishwa protini za kuzikuza: IL-2, au IL-7 na IL-15. Siku ya kwanza au ya pili huongezwa vekta, yaani kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana na kupewa mzigo wa jeni ya CAR. Vekta inayotumika zaidi imeundwa kutoka kwa VVU yenyewe. Imenyang'anywa karibu jeni zote, lakini bado inahitaji vimeng'enya vilevile viwili: cha kunakili RNA kuwa DNA, na cha kuichomeka DNA hiyo.

Sasa angalia kidonge cha TLD, ambacho ndicho wanachomeza wengi kwenye kliniki za VVU, CTC za Tanzania na CCC za Kenya: tenofovir, lamivudine, dolutegravir. Viwili vya kwanza hukwamisha kimeng'enya cha kunakili, cha tatu hukwamisha cha kuchomeka. Seli zilizotoka kwa mgonjwa anayekimeza huikatalia vekta kama zinavyokikatalia kirusi. Dolutegravir huoshwa kwa urahisi, lakini tenofovir iliyogeuzwa ndani ya seli hubaki humo kwa siku kadhaa. Maabara isiyojua hili hupata seli ambazo chache tu zimepokea CAR, na mgonjwa amechujwa damu bure. Suluhisho ni kumbadilishia dawa kabla ya kuchuja, kwa zile zinazozuia kirusi kuingia au kukomaa, maana vekta haijali hizo. Au kutumia njia ya kuingiza jeni isiyotegemea vimeng'enya hivyo.

Upande wa pili wa tatizo hilohilo: ukiamsha seli za CD4 za mtu mwenye VVU kwenye chombo, unaviamsha na virusi vilivyolala ndani yake. Bila dawa ndani ya maji ya kukuzia, virusi huenea na kuziharibu seli zote. Kwa hiyo huwekwa ARV za aina ileile isiyoigusa vekta.

Seli zikifikia idadi, hukaguliwa: hazina bakteria wala maikoplazma (vijidudu vidogo vinavyochafua seli za maabara), zilizo hai ni angalau asilimia 70, vekta haijapata uwezo wa kuzaliana, na nakala za vekta kwa kila seli hazizidi 5, kwa sababu kila nakala imechomekwa mahali pake kwenye DNA na nyingi mno zinaweza kuharibu jeni muhimu. Kisha hugandishwa kwenye naitrojeni kimiminika. Wagonjwa wa saratani hupewa fludarabine na cyclophosphamide kwa siku 3 hivi kabla ya kudungwa seli, ili kupunguza seli za zamani na kuzipisha mpya. Kwa mtu wa VVU aliye mzima, dawa hizo zinamshusha CD4 alizohangaika miaka kuzipandisha. Baadhi ya majaribio huziacha, mengine hutoa cyclophosphamide kwa kiasi kidogo, na bila hizo seli mpya hukaa muda mfupi zaidi. Hakuna aliyepata kipimo kinachoridhisha pande zote.

Madhara yanayoogopwa zaidi ni kimbunga cha saitokini, yaani mmiminiko wa kemikali za kinga kupita kiasi: homa kali, presha kushuka, pumzi kubana. Hutibiwa kwa dawa ya tocilizumab. Kwa VVU hatari hii ni ndogo kuliko kwa saratani, kwa sababu seli za kulengwa ni chache. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza dawa za CAR-T za saratani ziwekewe onyo kwamba seli T zenyewe zinaweza, kwa nadra, kugeuka saratani. Kwa mtu anayekufa kwa saratani ya damu onyo hilo halibadilishi uamuzi. Kwa mtu ambaye vidonge vinamweka hai hadi uzeeni, linabadilisha hesabu yote.

Aina za virusi vya kwetu

Mengi ya majaribio haya yamepimwa dhidi ya VVU vya aina B, iliyoenea Ulaya na Marekani. Kenya na Uganda aina kubwa ni A1 na D, Tanzania A1, C na D pamoja na mchanganyiko wake. Aina D inajulikana kwa kuhamia CXCR4 mara nyingi zaidi, jambo linalomrudisha mgonjwa wa Essen mbele ya macho yetu: tiba ya kuondoa CCR5 pekee inaweza kushindwa kwa Mganda mwenye aina D ambako ingefanikiwa kwa Mjerumani mwenye aina B.

CAR zinazotokana na kingamwili nazo zina mpaka. Majaribio ya AMP, yaliyowahusisha pia wanawake wa Kenya na Tanzania, yalipima kama kingamwili ya VRC01 inakinga maambukizi. Matokeo ya 2021 yalionyesha ilizuia takriban asilimia 75 ya maambukizi ya virusi vinavyodhurika nayo, lakini virusi vya namna hiyo vilikuwa asilimia 30 tu ya vilivyokuwa vikizunguka. CAR itakayojengwa kwa kingamwili moja itarithi upofu huohuo.

Bei nayo haikwepeki. CAR-T ya kwanza ya saratani kuidhinishwa, mwaka 2017, iliwekwa dola 475,000 kwa mtu mmoja, kabla ya gharama za hospitali. TLD ya mwaka mzima ilishuka chini ya dola 45 mwaka 2023. Kati ya watu takriban milioni 40.8 wanaoishi na VVU duniani, zaidi ya nusu wako Afrika mashariki na kusini. Tiba inayohitaji maabara maalumu kwa kila mgonjwa haitawafikia hao. Kwa sababu hiyo, Oktoba 2019 NIH, taasisi ya taifa ya utafiti wa afya ya Marekani, na taasisi ya Gates walitenga dola milioni 200 kwa miaka minne kutafuta tiba za jeni za VVU na selimundu zinazoweza kutumika kwenye nchi maskini, na kituo cha utafiti cha JCRC cha Kampala kikaingia kwenye mpango wa kimataifa wa kuleta majaribio ya tiba za jeni Uganda na India. Lengo la mbali ni sindano moja inayopeleka jeni moja kwa moja kwenye seli T zikiwa ndani ya mwili, pasipo kuchuja damu. Huo ndio mwelekeo unaostahili fedha na vijana wetu wa maabara kuliko kunakili viwanda vya Seattle.

Ukiombwa kushiriki, au kulipa

Afrika Mashariki tayari tumewahi kupitia tiba ya kinga iliyotangazwa kabla ya kuthibitishwa. Mwaka 1990 Kenya ilizindua Kemron, dawa ya kumeza yenye kiwango kidogo cha interferon alfa, protini ya kinga ya mwili. Watu walimiminika. Majaribio yaliyofuata, likiwemo la Uganda lenye kundi la kulinganisha, hayakukuta faida.

Hadi sasa hakuna tiba ya seli ya VVU iliyoidhinishwa popote. Anayeiuza anauza kitu ambacho hakipo. Jaribio halali halimtozi mshiriki, limesajiliwa kwenye daftari la wazi kama PACTR, la majaribio ya tiba Afrika, na lina kibali cha kamati ya maadili pamoja na mamlaka ya nchi, kwa Tanzania NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa) na TMDA (mamlaka ya dawa). Usiache ARV kwa sababu ya habari yoyote. Wanaosimamishwa dawa kwenye majaribio hupimwa wingi wa virusi karibu kila wiki, hurudishiwa dawa virusi vikipanda kupita kiwango kilichopangwa, na wenzi wao hupewa PrEP, dawa za kujikinga na VVU, kipindi chote, kwa kuwa hapo mtu anaweza kuambukiza tena.

Uliza pia kuhusu kipimo kitakachotumika baadaye. Mtu aliyepewa seli zenye vekta iliyotokana na VVU anaweza kuonekana ana virusi kwenye baadhi ya vipimo vya PCR kumbe kinachosomwa ni vekta. Wagonjwa wa saratani wasio na VVU wamewahi kupewa majibu ya uongo kwa sababu hiyo. Maabara inapaswa kutumia kipimo kinachosoma sehemu ya kirusi ambayo vekta haina, na mshiriki awe na barua ya kumwonyesha daktari mwingine yeyote. Na kwa kuwa jeni iliyochomekwa haitoki, fomu ya ridhaa itaje ufuatiliaji wa hadi miaka 15, nani atakayeulipia, na mshiriki atampigia nani simu jaribio likiwa limekwisha na watafiti wamerudi kwao.